Nani Alimpokea Mtoto?

Picha ya Kuzaliwa kwa Yesu hufika Entarara, kaunti ya Kajiado, ikiwa imechapwa: kwenye kalenda ya ukutani, kwenye kadi ya Krismasi, kwenye jalada la kitabu cha sala. Mara nyingi huwa ni nakala, au nakala ya nakala, ya kazi zilizochorwa Italia na Flandria kati ya mwaka 1400 na 1600, zama zinazoitwa Renesansi. Mama kijana mwenye joho la buluu amepiga magoti. Mtoto yuko chini, uchi. Mzee ameketi pembeni, na ng'ombe na punda wanachungulia kwa nyuma. Mtu aliyekulia katika boma la Kajiado anaweza kuitazama picha hiyo kila Desemba bila kuuliza jambo ambalo bibi yake angeuliza papo hapo: wanawake wako wapi? Nani alimpokea huyu mtoto, nani alikata kitovu, nani amemwekea mama kitu cha moto anywe?

Nimelishika swali hilo la bibi kwa sababu naona linafungua picha hizi kuliko maswali mengi ya wataalamu. Kila jamii inapochora kuzaliwa kwa Yesu, inaonyesha pia ni nani inaamini anastahili kuwepo mtoto anapozaliwa. Wachoraji wa Renesansi walijibu kwa namna moja. Afrika Mashariki ina majibu mengine, na mojawapo limo ukutani Murang'a tangu mwaka 1959.

Nianze na mchoro ninaoupenda kuliko yote ya aina yake, wa Piero della Francesca, ulioko National Gallery mjini London. Piero aliuchora umri ukiwa umeenda, kwa rangi za mafuta juu ya ubao unaozidi kidogo sentimita 120 kila upande. Ulibaki mikononi mwa ukoo wake katika mji mdogo wa Sansepolcro kwa karne nyingi, na National Gallery iliununua mwaka 1874. Zizi lake ni kipande cha ukuta wa mawe uliochakaa na kipaa cha upande mmoja, na juu ya kipaa ametua ndege mweusi na mweupe wa jamii ya kunguru. Malaika watano wamesimama bega kwa bega. Hawana mabawa. Baadhi wanaimba, baadhi wanapiga vinanda vya nyuzi ambavyo ni ndugu wa udi wetu wa taarabu. Nyuma yao punda ameinua kichwa na kufungua kinywa, kana kwamba naye ameingia kwenye wimbo. Yusufu ameketi juu ya tandiko la punda, mguu mmoja umepita juu ya mwingine, na unyayo wake umetuelekea sisi watazamaji. Unyayo huo ni wa mtu aliyetembea. Katika picha takatifu za zama zile ni nadra kukutana na kitu cha kweli hivyo.

Kisha tazama nyuma yao. Upande wa kulia kuna mji wenye mnara wa kengele, upande wa kushoto bonde lenye maji na miti. Mji huo unafanana na Sansepolcro, na bonde ni la nchi ya Piero mwenyewe. Aliichukua Bethlehemu akaileta kwao, wala hakuna aliyemwambia ameigeuza Injili kuwa ya Kitoskana. Jambo hilo tulikumbuke tutakapofika Murang'a.

Lakini chumba cha uzazi cha Piero ni kitupu. Maria yuko peke yake na Mungu. Mtoto amelazwa juu ya pindo la joho lake, ardhini, na hakuna mkono wa mwanadamu unaomgusa. Wachungaji wawili wamefika, wanaume wote. Malaika wana nyuso kama za wasichana, ila wamekuja kuimba, hawakuja kusaidia. Hakuna maji, hakuna moto, hakuna kitambaa, hakuna mkunga.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika sanamu za kale za Wakristo wa Mashariki, zile zilizoenea kutoka Bizanti hadi Ethiopia, Maria hulala kitandani ndani ya pango, amechoka kama mzazi yeyote, na chini yake wanawake wawili humwogesha mtoto katika beseni. Giotto, alipochora kanisa dogo la Scrovegni mjini Padova mnamo 1305, bado alimweka mwanamke kando ya kitanda akishughulika na mtoto. Hata Robert Campin, Mflandria, katika mchoro wake wa miaka ya 1420 ulioko Dijon, aliwachora wakunga wawili, mmoja akiwa na mkono uliopooza kwa sababu alitilia shaka ubikira wa Maria. Hadithi ya wakunga hao haimo katika Injili nne. Ilitoka katika vitabu vilivyobaki nje ya Biblia, lakini watu waliipenda kwa kuwa iliwapa kitu walichokijua.

Kilichowaondoa wakunga ni njozi ya mwanamke. Brigita wa Sweden, mjane wa cheo kikubwa, alikwenda kuhiji Bethlehemu mwaka 1372, na huko akasema ameona tukio lenyewe: Maria alipiga magoti akisali, na ghafla mtoto akawa chini mbele yake, aking'aa, bila uchungu na bila msaada wa yeyote. Njozi hiyo ilienea Ulaya upesi sana. Katika kizazi kimoja au viwili wachoraji wakakiondoa kitanda, beseni na wanawake. Kilichobaki ni magoti na nuru. Kiteolojia naelewa walichokuwa wakitafuta: uzazi usio na laana ya Hawa. Kisanaa walipata utulivu ambao Piero aliufikisha kileleni. Lakini walipoteza tukio la kijamii kabisa, na sioni sababu ya kuficha kwamba hasara hiyo ni kubwa.

Msomaji wa pwani hapa atanikumbusha kwamba naye ana Maryam wake. Katika Sura ya 19 ya Qurani, Maryam pia yuko peke yake, amejitenga mahali pa mbali. Ila upweke wake ni mwingine. Uchungu unamshika hadi anauendea mti wa mtende, na anatamani lau angekuwa amekufa kabla ya hayo. Kisha anaambiwa asihuzunike. Chini yake kuna kijito cha maji, na akitikisa shina la mtende tende mbivu zitamwangukia, ale, anywe. Ni mzazi mwenye uchungu, kiu na njaa, na anahudumiwa kwa maji na chakula. Katika kitabu hiki hakuna zizi wala wachungaji, lakini mwili wa mama upo, tena umetajwa wazi kuliko katika mchoro wowote wa Florence. Mwanamke yeyote wa Lamu au Unguja aliyezaa anaufahamu mtende ule.

Sasa Murang'a. Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932 Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro upande wa Tanganyika. Watu wa kusini mwa Kajiado huuona mlima huohuo kwa upande wa pili. Alisomea uchoraji Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ukutani mwa kanisa la Kianglikana la Fort Hall, mji ambao leo tunauita Murang'a: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Yesu wake ni Mwafrika kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Anazaliwa kati ya Wakikuyu, kwenye vilima na mashamba ya huko, na wanaomzunguka ni watu ambao waumini wa siku hiyo wangeweza kukutana nao njiani wakitoka ibadani.

Lazima tuikumbuke nchi ilivyokuwa. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na ilikuwa haijaondolewa. Kuanzia mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wakikuyu zaidi ya milioni moja kutoka kwenye makazi yao ya ukoo yaliyotawanyika mashambani, ikawasonga katika vijiji vyenye mahandaki, miiba na walinzi. Nyumba nyingi zilizoachwa zilichomwa. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, kwa hiyo hata kuta zake zilikuwa upande mmoja wa jeraha ambalo pande zote zilikuwa zinatoka damu. Mbele ya watu hao kijana wa miaka ishirini na saba, tena mgeni, Mchaga, anachora mtoto akizaliwa katika nchi yao, mbele ya majirani, bila bunduki. Mimi nauona ukuta huo kuwa kazi ya ujasiri wa kisiasa sawa na ya ibada. Unawaambia watu walionyang'anywa makazi kwamba mtoto wa Mungu angeshukia pale pale palipochomwa.

Ndipo niseme kuhusu neno linalorudiwa kila Njau anapotajwa, kwamba alimfanya Kristo awe Mwafrika. Ni kweli, lakini Piero alimfanya kuwa mtu wa Sansepolcro, na hilo halitajwi kama hatua ya pekee. Linaitwa uchoraji tu. Wote wawili walifanya jambo moja. Tofauti ni kwamba Njau alilifanya mbele ya watu waliofundishwa, kwa kadi na kalenda, kwamba Bethlehemu ya kweli ni ile ya Italia. Alipoanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965 pamoja na wenzake, onyo lake kuu kwa wachoraji chipukizi lilikuwa dhidi ya kunakili. Onyo hilo lina mizizi katika ukuta wa Murang'a.

Na wanawake? Katika jadi ya Kikuyu mtoto hazaliwi kimya. Jomo Kenyatta alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938 kwamba vigelegele vitano hutangaza mtoto wa kiume, vitatu mtoto wa kike. Ukisimama mbele ya Kuzaliwa kwa Murang'a ukiwa na desturi hiyo masikioni, unajua kwamba habari njema ilipigiwa kelele na wanawake kabla malaika yeyote hajawafikia wachungaji. Njau aliwarudishia watu uzazi wenye majirani. Kwa ufundi wa mkono Piero anamzidi mbali. Kwa kuujua usiku wa kujifungua, Njau anamzidi Piero.

Kajiado hatuna, kwa ninavyofahamu, ukuta wa kulinganisha na huo. Tuna kitu cha kale zaidi, yaani nyumba yenyewe. Enkaji ya Kimaasai hujengwa na mwanamke. Anasimika fito, anazisuka, anazikandika kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na udongo, na nyumba inakuwa yake. Mlango ni wa chini na umepinda, ili upepo na macho visiingie moja kwa moja. Ndani kuna moto katikati, vitanda vya fito vilivyotandikwa ngozi, na kando kuna sehemu iliyotengwa, olale, ambamo ndama na wana-mbuzi hulala usiku. Mtoto anapozaliwa humo, huzaliwa akisikia pumzi ya ndama. Mama mkwe yupo, mkunga yupo, wanawake wa boma wapo. Wanaume wako nje. Kondoo huchinjwa, na mama hupewa mafuta yake apate nguvu. Hakuna anayemhurumia mtoto kwa kuzaliwa karibu na mifugo. Nyumba isiyo na mifugo ndiyo ya kuhurumiwa.

Hapa ndipo picha ya Renesansi na macho ya Kajiado vinapoachana kabisa. Kwa Domenico Ghirlandaio, aliyechora Ibada ya Wachungaji mwaka 1485 kwa kanisa la Santa Trinita mjini Florence, zizi ni gofu: paa la mbao limeegeshwa juu ya nguzo za Kirumi, na hori la kulishia ng'ombe ni jeneza la jiwe la kipagani. Dunia ya zamani imeanguka na Mungu amejishusha katika vifusi vyake. Zizi ni fedheha, na utukufu umo katika kuikubali fedheha hiyo. Mahubiri yetu ya Krismasi yamerithi wazo hilo neno kwa neno. Lakini ukiisoma Luka sura ya pili utaona kuwa zizi halikutajwa popote. Limetajwa hori tu. Kenneth Bailey, aliyefundisha Biblia miaka mingi Misri, Lebanoni na Yerusalemu, alionyesha kwamba katika nyumba za wanakijiji wa Palestina wanyama waliingizwa ndani usiku, sehemu ya chini ya chumba kilekile cha familia, na hori lilikuwa pale pembeni. Kwa maelezo hayo Maria alijifungulia nyumbani mwa watu, katikati ya wanawake. Mzee wa Entarara hahitaji kufundishwa nyumba hiyo. Alizaliwa ndani yake.

Ng'ombe na punda nao hawamo katika Luka. Walitoka kwa Isaya 1:3, na mababa wa Kanisa wakawafanya alama: ng'ombe Wayahudi, punda Mataifa. Katika boma wana maana nyingine, isiyohitaji mfasiri. Ng'ombe ni mali ambayo wanaume huhesabiwa kwayo. Punda ni mfanyakazi wa mwanamke; ndiye anayebeba maji kutoka mbali, ndiye anayebeba nyumba wakati wa kuhama. Ndiyo maana wizi wa punda kwa ajili ya ngozi, uliotisha Kenya baada ya machinjio kufunguliwa mwaka 2016 hadi serikali ilipoyapiga marufuku mapema 2020, uliwaumiza akina mama kwanza. Piero alimpa punda wake wimbo. Mchoraji wa Kajiado angempa mitungi ya plastiki ya lita ishirini, miwili kila upande, na angekuwa amesema mengi kuhusu mama wa mtoto.

Kuna kitu kimoja ambacho Renesansi na Umaasai vinakaribiana kwa namna ya kushangaza, nacho ni nyasi. Hugo van der Goes, mchoraji wa Ghent, alimchorea Tommaso Portinari, meneja wa benki ya akina Medici mjini Bruges, picha kubwa ya altare katika miaka ya 1470. Ilisafirishwa kwa bahari ikafika Florence mwaka 1483, na wachoraji wa huko wakaduwaa. Wachungaji wake watatu wanaingia mbio, mikono yao migumu, kinywa cha mmoja kimeachama hadi mapengo yanaonekana. Ghirlandaio aliwatazama vizuri, kwa maana wachungaji wake wa 1485 ni binamu zao. Mbele kabisa ya picha, karibu na mtoto aliyelazwa kwenye ardhi tupu, Hugo aliweka mganda wa ngano. Kwa mtazamaji wa Florence ngano hiyo ilikuwa mkate wa altare, na Bethlehemu nyumba ya mkate.

Mmaasai halimi ngano kwa jadi. Ila nyasi mbichi ni kitu kitakatifu kwake, kwa sababu ng'ombe huishi kwazo. Anayeomba amani hung'oa nyasi akazishika mkononi zionekane. Wakati wa ukame wanawake hufunga nyasi kwenye mavazi yao wanapoomba mvua. Hebu tuyakumbuke majuma yale ya 2022, ng'ombe wakifa kando ya barabara ya Namanga, mvua ikiwa imekosekana kwa misimu mfululizo. Katika mwaka kama huo kumweka mtoto juu ya konzi la nyasi za kijani kungekuwa sala nzito kuliko ngano yote ya Hugo. Alama zinafanya kazi ileile katika picha zote mbili: kitu kinachoshikilia uhai wa watu kinawekwa karibu na mtoto.

Renesansi haikumwacha Mwafrika nje kabisa. Kufikia mwisho wa karne ya 15 mfalme mmoja kati ya mamajusi watatu huwa mweusi: utamkuta kwa Mantegna, kwa Bosch, kwa Dürer katika mchoro wake wa mwaka 1504 ulioko Florence. Amevaa vizuri kuliko wote. Mara nyingi amesimama nyuma kidogo, akingoja zamu, na zawadi iko mkononi. Ni heshima, sikatai. Lakini ni heshima ya mgeni, aliyetoka mbali, ambaye baada ya kutoa atapanda ngamia na kurudi alikotoka. Njau alimtoa katika foleni ile akamfanya mwenyeji. Mwenyeji ana kazi nyingine kabisa: hutoa nafasi, huwasha moto, huita wakunga, hukaa na mama hata wageni waondokapo.

Nashangaa kwa nini kazi hii haijaendelea katika makanisa ya kaunti yetu. Ufundi upo. Kitengela kuna karakana ya vioo ya Nani Croze na wanawe, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikiyeyusha vioo vilivyotupwa na kuvigeuza kuwa madirisha ya rangi. Wachoraji vijana wapo. Kinachokosekana ni parokia au usharika wa kuagiza kazi, kama Portinari alivyoagiza na kama watu wa Fort Hall walivyoagiza, na kumwachia msanii atazame anachokiona.

Na anachokiona hivi leo sicho cha babu yake. Nyanda za Kitengela zimekatwa viwanja na kuzungushiwa seng'enge. Enkaji inapungua, nyumba za mabati zinaongezeka, na olale inahamia nje, kwenye kibanda cha peke yake. Wanawake wengi sasa hujifungulia zahanati na hospitalini, hasa tangu huduma ya uzazi ilipofanywa bure katika vituo vya serikali mwaka 2013. Baadhi ya watu watataka mchoraji aliruke hayo yote arudi kwenye manyatta ya kadi za watalii. Wakimshinda, tutakuwa tumebadilisha kalenda ya Florence kwa kalenda ya hoteli. Piero hakuchora Palestina ya Herode. Alichora kipaa cha aina waliyokuwa nayo wakulima wa wakati wake, na mnara wa kengele ambao jirani zake walisikia ukilia kila jioni. Vivyo hivyo Kuzaliwa kwa Kajiado kunaweza kuwa na paa la mabati, tangi la maji, muuguzi mwenye glavu, mama mkwe mwenye shanga shingoni na simu mkononi akiwapigia watu wa boma, na ndama aliyefungwa mlangoni kwa sababu mvua imenyesha na hakuna aliye tayari kumwacha nje.